Almasi haziajiri: jinsi BDP ilivyowapoteza vijana wa Botswana

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni, nasoma uchumi. Darasani tumefundishwa kwamba Botswana ni mfano wa nchi ya Afrika iliyosimamia mali yake vizuri. Lakini Oktoba 2024 chama chake tawala, BDP, kiliangushwa baada ya miaka 58 na kubakiwa na wabunge wanne tu. Kila ninachosoma kinasema vijana ndio waliokiangusha, na kwamba sababu ni uchumi. Sasa nani kakosea, vitabu au vijana? Na inakuwaje chama kijenge nchi, halafu watoto waliozaliwa ndani ya matunda yake wakinyime kura?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenikaa moyoni, kwa sababu mimi mwenyewe nimeifundisha Botswana kwa miaka mingi kama mfano mwema, na matokeo yale yalinilazimu kurudi kwenye maelezo yangu ya darasani. Niseme mapema ninakosimama: vitabu havikusema uongo, na vijana hawakukosea. Walikuwa wanapima vitu viwili tofauti, na chama kilikaa muda mrefu mno kikiamini ni kitu kimoja.

Kwanza hao wabunge wanne, maana namba hiyo inapotosha. Bunge lilikuwa na viti 61 vya kugombewa. UDC, muungano wa upinzani ulioongozwa na Duma Boko, ilipata 36, vyama vingine vya upinzani, BCP na BPF, vikapata 15 na vitano, BDP vinne, na mgombea binafsi mmoja. Ukisoma viti peke yake utadhani nchi nzima iliamka siku moja ikakichukia chama. Sasa soma kura. UDC ilipata takriban 37%, BDP takriban 30%. Karibu watu watatu katika kila kumi waliopiga kura walibaki na chama chao cha zamani. Kilichofanya 30% ya kura izae viti vinne ni mfumo wa jimbo kwa jimbo, ambapo anayeongoza anachukua kiti hata kama hajafika nusu ya kura. Mfumo huohuo ndio uliokibeba chama mwaka 2014, kilipopata takriban 46% ya kura na bado kikatoka na viti 37 kati ya 57. Kwa hiyo dalili ilikuwepo miaka kumi kabla ya anguko. Wapiga kura zaidi ya nusu walikuwa wameshachagua vyama vingine, ila wingi wa viti ukawafariji viongozi wasiione.

Hilo nalisisitiza kwa sababu ukosoaji mwingi wa vyama tawala huanza na kukoma kwenye anguko lenyewe. Anguko ni siku moja. Kilichotangulia ndicho chenye mafunzo.

Sasa rekodi yenyewe. Septemba 30, 1966, Botswana ilipopata uhuru, ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Barabara ya lami nchi nzima haikuzidi kilomita 12 hivi. Mwaka uliofuata almasi ziligunduliwa Orapa, kwenye ardhi ya Bangwato, kabila la Rais Seretse Khama mwenyewe. Angeweza kuwaachia watu wake mali hiyo. Badala yake haki za madini zikawekwa mikononi mwa taifa zima kwa sheria. Mgodi wa Orapa ulifunguliwa 1971, wa Jwaneng 1982, na kampuni ya Debswana ikagawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali na De Beers, kampuni ya almasi ya kimataifa. Ukijumlisha gawio, kodi na mrabaha, serikali huondoka na takriban 80% ya faida. Nchi ngapi za bara letu zimewahi kukaa mezani na kampuni ya madini zikaondoka na mgao wa namna hiyo? Kwa takriban miongo mitatu uchumi ule ulikua kwa wastani unaokaribia 9% kwa mwaka. Zikajengwa shule, zahanati na barabara. Mwaka 1994 ukaanzishwa Mfuko wa Pula, akiba ya kizazi kijacho.

Kuna jambo moja ambalo wakosoaji hulisahau, na mimi sitaki ulisahau. Mwishoni mwa miaka ya 1990 UKIMWI ulikuwa unaifuta Botswana. Zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na virusi. Januari 2002, katika Hospitali ya Princess Marina jijini Gaborone, serikali ya Rais Festus Mogae ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bure, nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo kwa mpango wa kitaifa. Ukaitwa Masa, neno la Kitswana linalobeba maana ya mapambazuko. Kabla yake ulikuwa umeshaanza mpango wa kuzuia mama asimwambukize mtoto. Fikiria maana yake. Sehemu ya vijana waliosimama kwenye foleni za kura mwaka 2024 walikuwa hai, au mama zao walikuwa hai, kwa sababu ya uamuzi wa chama walichokuja kukiondoa. Nikilitafakari hili sioni utovu wa shukrani. Naona jinsi lile lingine lilivyokuwa zito.

Lile lingine ni ajira, na hapa nataka twende polepole.

Almasi zina tabia mbaya: zinaingiza fedha nyingi kwa kutumia watu wachache. Jwaneng ndio mgodi wenye thamani kubwa kuliko yote ya almasi duniani. Lakini ni shimo, magari makubwa, mitambo ya kusaga na kuchambua, na chumba chenye ulinzi mkali. Bilioni zikipita pale, zinahitaji mikono ya maelfu machache. Linganisha na kiwanda cha nguo au shamba kubwa la mboga, ambapo fedha kidogo hushika mikono mingi. Kwa hiyo almasi zilipokuwa asilimia 80 hivi ya mauzo ya nje, zilikuwa zinaijaza hazina, na hazina ndiyo iliyokuwa inawafikia watu kwa mshahara wa ualimu, uuguzi, ukarani na tenda za ujenzi. Serikali ikawa mwajiri mkuu. Njia ya kijana kuingia maishani ilikuwa moja: soma, serikali inakulipia, kisha serikali inakuajiri. Kwa wazazi wao njia hiyo ilifanya kazi vizuri sana. Nchi ilikuwa inaanza na kila ofisi ilikuwa tupu.

Kisha ofisi zikajaa. Shule ziliendelea kutoa wahitimu kila mwaka, na serikali ikaendelea kuwalipia wengi hadi shahada, lakini mlango wa mwisho ukafungwa. Mkosoaji anayesema BDP iliua uchumi anasema uongo. Mkosoaji anayesema BDP ilijenga uchumi unaoilipa serikali vizuri kuliko unavyowaajiri watu anasema kweli. Tena chama chenyewe kilijua. Mipango ya maendeleo ilirudia neno moja tangu mimi nilipokuwa kijana: kupanua uchumi nje ya almasi. Kuna juhudi zilizofanyika kweli. Miaka ya 1990 Gaborone ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari ya Hyundai, na kwa muda magari yakawa bidhaa kubwa ya kuuza nje, hadi kiwanda kilipoanguka mwaka 2000. Mauzo ya almasi ya De Beers yalihamishwa kutoka London kwenda Gaborone mwaka 2013. Januari 2022 serikali ya Rais Mokgweetsi Masisi ilizuia kuingizwa kwa aina kadhaa za mboga kutoka nje ili wakulima wa ndani wapate soko. Lakini nchi ina watu takriban milioni 2.4, haina bahari, na iko mlangoni mwa Afrika Kusini, ambayo bidhaa zake huingia bila ushuru kwa mkataba wa umoja wa forodha. Kuanzisha kiwanda hapo ni kazi ngumu. Ugumu huo naukubali kama maelezo ya miaka kumi, hata kumi na tano. Kwa miaka hamsini siukubali.

Nikuonyeshe mahali pamoja ambapo mambo haya yanakutana, maana takwimu peke yake hazitakufikisha. Mwaka 1997 nchi ilijiandikia dira yake, Dira ya 2016, yenye ahadi ya neema kwa wote. Ilipangwa ikamilike uhuru unapotimiza miaka 50. Septemba 30, 2016 sherehe zikafanyika, bendera za bluu, nyeusi na nyeupe kila kona. Wiki moja baadaye, Oktoba 2016, serikali ilitangaza kufunga migodi ya BCL, ya shaba na nikeli, ambayo mji mzima wa Selebi-Phikwe ulikuwa umejengwa kuizunguka. Zaidi ya watu 5,000 walipoteza kazi kwa tangazo moja. Kumbuka hii haikuwa almasi. Huu ulikuwa mmoja wa miradi michache mikubwa iliyoajiri watu wengi nje ya almasi, na ulikuwa mali ya serikali. Sasa chukua mtoto wa Selebi-Phikwe aliyekuwa na miaka 11 baba yake alipotoka mgodini na barua ya kuachishwa kazi. Oktoba 2024 mtoto huyo alikuwa na miaka 19 na kura mkononi. Ukimsimulia habari ya kilomita 12 za lami atakusikiliza kwa heshima, kwa sababu ni mtoto aliyelelewa vizuri. Kisha atakwenda kupiga kura kwa kile alichokiona nyumbani.

Hapo ndipo lilipo jibu la sehemu ya pili ya swali lako. Shukrani ya mzazi kwa chama ilitokana na kulinganisha: alikuwa hana, akapata. Mtoto hana hiyo hali ya kabla. Analinganisha alichoahidiwa na alichonacho. Chama kikimlaumu kwamba hajui historia kinapoteza muda, maana hata akiijua vizuri, historia ile ni ya baba yake.

Na takwimu nazo zilichangia kuwaziba viongozi masikio, ingawa si Botswana peke yake. Wewe unasoma uchumi, kwa hiyo hili lishike vizuri. Kwa kanuni za Shirika la Kazi Duniani, mtu aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki ya utafiti anahesabiwa kuwa ana kazi. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta anaondolewa kwenye hesabu ya wasio na ajira, kana kwamba tatizo lake limeisha. Kanuni hizo zina sababu zake za kitaalamu, zinasaidia kulinganisha nchi na nchi. Hata hivyo mwaka 2024, kwa hesabu hiyo yenye huruma, zaidi ya 27% ya nguvukazi ya Botswana haikuwa na ajira, na kwa vijana hali ilikuwa mbaya zaidi. Huku nje nchi ikisifiwa kwa nidhamu ya bajeti na utawala bora. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sidhani kuna nchi Afrika iliyosifiwa kama ile, na naamini sifa hizo, zikiwemo zangu za darasani, zilikifanya chama kiamini kwamba kinachoonekana vizuri Washington kinaonekana vizuri pia Francistown, ndani ya Botswana yenyewe.

Kisha ukaja mwaka wenyewe wa uchaguzi. Soko la almasi lilikuwa limedorora duniani, wanunuzi wakapungua China na Marekani, na almasi za maabara zikashusha bei. Nusu ya kwanza ya 2024 mauzo ya Debswana yaliporomoka kwa karibu nusu, na mwaka ulipoisha uchumi ulikuwa umesinyaa kwa takriban 3%. Masisi hakuleta almasi za maabara. Kumlaumu kwa bei ya dunia ni kumwonea. Lakini siku alipoapishwa, Aprili 1, 2018, alitangaza mwenyewe kwamba ukosefu wa ajira, hasa kwa vijana, ndio kipaumbele chake cha kwanza. Alijiwekea kipimo mbele ya taifa, na vijana wakampima kwacho. Hapo hakuonewa.

Sitaki uondoke ukidhani uchumi ulifanya kazi peke yake. Ian Khama, mtoto wa Seretse na rais aliyemtangulia Masisi, alikosana na mrithi wake hadi akakihama chama mwaka 2019 na kuiunga mkono BPF. Serowe na maeneo yanayoizunguka, ambako ukoo wa Khama una heshima ya kichifu, yakaponyoka. Majimbo ambayo chama kiliyaona kama shamba la nyumbani yakagawanyika, na chini ya mfumo wa jimbo kwa jimbo, kura iliyogawanyika ni kiti kilichopotea. Ugomvi ule uliwagusa zaidi wazee kuliko vijana. Ukisoma mahali kwamba vijana ndio waliofanya yote, jua mwandishi amerahisisha. Kura ni siri, karatasi haina umri.

Swali moja hukuuliza, lakini ningelikuuliza mimi kama tungekuwa darasani: kwa nini vijana wa Botswana walikwenda kupiga kura, wakati wa jirani zao wengi walibaki nyumbani? Tazama Afrika Kusini, miezi mitano tu kabla. ANC, chama tawala cha huko, ilishuka kutoka 57.5% mwaka 2019 hadi takriban 40% Mei 29, 2024, mara ya kwanza tangu 1994 kukosa wingi wa kura. Ukosefu wa ajira kwa walio chini ya miaka 35 ulikuwa takriban 45%. Hasira ilikuwa ileile, pengine kubwa zaidi. Lakini waliojitokeza walikuwa chini ya 60% ya waliojiandikisha, na vijana wengi hawakujiandikisha kabisa. Kule kijana aliyekikimbia chama mara nyingi hakuona pengine pa kwenda, akaiacha siasa yote. Botswana waliojitokeza walizidi 80%. Nadhani tofauti kubwa ni kwamba UDC ilikuwa imeshagombea mara mbili, jina la Boko lilikuwa linajulikana, na ahadi zake ziliongea lugha ya mfukoni: kima cha chini cha mshahara cha pula 4,000, na ajira kati ya 450,000 na 500,000 ndani ya miaka mitano. Unaweza kuzikosoa ahadi hizo, nami nitazikosoa sasa hivi. Ila ziliwapa watu sababu ya kuamka alfajiri wakapange foleni.

Hilo la ANC ni muhimu kwa chama chochote kinachojipa moyo kwamba vijana hawapigi kura. Asiyepiga kura hajakusamehe. Amekuacha, ila bado hajapata pa kwenda.

Tena kuna jambo ninaloliheshimu mno. Asubuhi ya Novemba 1, kabla hesabu haijakamilika, Masisi alikubali kushindwa, akampigia Boko simu, na siku hiyohiyo Boko akaapishwa. Hakuna aliyeumizwa. Ukiweka rekodi ya BDP kwenye mizani, hilo nalo liweke: miaka 58 ya madaraka iliishia kwa simu moja. Vitabu vyako havikukosea kuusifu utawala ule.

Wafuasi wa BDP walikuwa na jina la utani la chama chao, Domkrag. Ni neno la Kiafrikana lenye maana ya jeki, ile ya kunyanyulia gari, na jeki ndiyo ilikuwa nembo yao. Walilipenda kwa sababu chama kiliinyanyua nchi kutoka chini. Mimi nimekuwa nikiifikiria sana jeki hiyo. Jeki hunyanyua gari ili ubadilishe gurudumu, kisha gari liende lenyewe. Botswana ilinyanyuliwa kweli, tena juu kuliko majirani wengi. Gurudumu la pili, la viwanda, kilimo na biashara za kuajiri watu, halikufungwa, na gari likabaki juu ya jeki miaka hamsini. Kijana amekaa ndani yake, anaona mandhari nzuri, hasogei.

Je, wamepata walichokitaka? Hesabu haikubadilika kwa sababu rais amebadilika. Boko alirithi hazina iliyokauka na soko lilelile la almasi. Agosti 2025 alilazimika kutangaza hali ya dharura ya afya kwa sababu dawa na vifaa vilipungua hospitalini, katika nchi ileile iliyoongoza bara kwa kugawa dawa bure. Ajira nusu milioni katika nchi ya watu milioni 2.4 ni ahadi ambayo ningeiogopa hata almasi zikiwa juu. Mkataba mpya na De Beers, uliosainiwa Februari 2025, unaongeza sehemu ya almasi ambayo nchi itajiuzia yenyewe kutoka 25% hadi 50% kwa hatua. Ni habari njema kwa hazina, lakini ni almasi zilezile na mikono michache ileile.

Kwenye insha yako usiandike kwamba Botswana ilikuwa mfano mbaya. Andika ilikuwa mfano wa nini. Weka ukuaji wa uchumi kwenye safu moja, na kwenye safu ya pili weka idadi ya watu waliopata kazi yao ya kwanza kila mwaka, halafu uone safu hizo zinaachana mwaka gani. Na ukitaka kufuatilia mbele, uchaguzi ujao ni 2029. Watakaopiga kura mara ya kwanza siku hiyo walikuwa na miaka 13 na kuendelea BDP ilipoondoka, na wao BDP watakuwa wanaisikia kwa wakubwa zao tu. Watakuwa na UDC mbele yao, na Boko ndiye atakayeulizwa ziko wapi kazi.